Mabano ya Mwanasaumu

Mwanasaumu wa Chaani alikuwa na shingo ngumu tangu utotoni. Ukimwambia geuka, ndiyo kwanza anyooke. Mwaka wa tisini na tatu ndiye aliyeandika programu za kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe, kwa lugha waiitayo C, naye akijivunia. Kwa nini asijivunie?

Ramadhani ilipoingia, meneja, Bwana Kitsao, akaridhia wafungao watoke mapema wakapike futari, na wenye wagonjwa nyumbani vilevile, mradi wote waruhusiwe na msimamizi. Ratiba itolewe na kompyuta. Mwanasaumu akaliandika sharti kwa mstari mmoja: anafunga au anauguza na ameruhusiwa? Ndiyo, saa tisa. La, saa kumi na moja.

Siku ya kwanza, saa tisa, wafungao wote wakatoka, hata wapishi wa sabuni ambao msimamizi hakuwaruhusu. Moto ukazimika, sabuni ikagandia katika sufuria kubwa kama chumba.

"Kesho hatoki mtu!" Kitsao akafoka. "Ruhusa imekwisha!"

"Mashine imeharibika," akasema Mwanasaumu.

Florence, mpiga taipu, akacheka. "Mashine, ama fundi wake? Dada, hata nayo ina shingo kama yako?"

Mwanasaumu akanuna, akaketi, akausoma mstari wake kwa sauti, polepole, kama mtoto mbele ya mwalimu wa chuo. Kwa C, "na" hushika walio kando yake kwanza, "au" hungoja. Basi ruhusa ilikuwa imeshikana na wauguzao peke yao, na wafungao wakaachiwa mlango wazi. Kumbe hakutia mabano ya kuwakusanya wafungao na wauguzao pamoja, kisha ndipo waulizwe ruhusa.

Angeyatia kimya kimya, lawama ikabaki kwa mashine. Wallahi nani angejua? Lakini wenziwe wangekosa kufika majumbani kabla ya magharibi, mwezi mzima. Akaenda kwa meneja.

"Bwana Kitsao, mashine ni nzima. Kosa ni langu. Usiwazuilie watu futari zao kwa ajili yangu."

"Na sabuni yangu?"

"N'taibandua mwenyewe."

Kitsao akamtazama sana. "Haya. Ruhusa imerudi."

Kesho yake, na saumu yake, Mwanasaumu akaingia sufuriani na mwiko wa chuma. Wapishi wakamcheka, kisha wakaingia naye. Ilipofika saa tisa walioruhusiwa wakatoka. Yeye alikuwa anafunga kama wao, lakini ruhusa hakuiomba, akaendelea kubandua.