Gari la Kasmiri Lililoacha Kunywa Petroli

Msinicheke. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini macho yangu hayakuishia huko. Haya niliyaona barabara ya Kinole, asubuhi, nikiwa na akili zangu zote.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imeachiwa huru, magari ya mtumba yanaingia kila siku. Mwanangu Kasmiri alikuwa na pikapu kuukuu ya kushushia ndizi zetu Morogoro mjini. Gari lile lilikunywa petroli, jamani! Jasho letu lote liliishia kwenye tangi.

Siku hiyo likazima konani, ukungu umetanda. Nimempakata mjukuu wangu Velonika, Kasmiri kwenye usukani. Akatokea mwanamume na kimfuko.

"Shikamoo mama. Gari lako linakula sana."

Akasema ni fundi, akataja ukoo wa watani wetu. Kwetu Uluguru mtani unamtukana na hakasiriki, basi nikafurahi.

"Fundi gani huna hata grisi mkononi? Umefukuzwa na mkeo?"

Hakucheka. Akatoa kiboksi cheusi, eti kompyuta ya injini, imetoka kwenye gari jipya. Akikifunga, gari litakuwa linaonja tu mafuta. "Utanipa nini?"

"Mchukue huyu Velonika, amezidi kula!" Utani tu. Nani hajui utani?

Akafunga. Gari likapanda mlima kimya. Tukaenda mjini, tukarudi, tukaenda tena, mshale wa mafuta haushuki. Kasmiri akawa anaimba. Lakini Velonika akaacha kula. Homa hana. Kila gari likienda mjini, jioni tunamkuta mwepesi zaidi, wa baridi kama jiwe la mtoni. Sasa gari lile lilikuwa linachoma nini?

"Mama, tumpeleke hospitali kwa gari," akasema Kasmiri.

"Likiwaka tena utamzika!"

Nikafungua boneti, nikang'oa kile kiboksi kwa plaizi. Kilikuwa cha moto, na injini haijawashwa tangu jana. Nikakifunga kwenye kanga, nikaenda kwa miguu mpaka ile kona.

Yule fundi alikuwepo, amekaa. "Ulinipa mwenyewe, mtani."

"Mtani gani? Taja mama yako!" Maana kwetu ukoo ni wa mama. "Mimi kanizaa Agata. Agata kazaliwa na Tekla. Tekla kazaliwa na Sikudhani, aliyezikwa huko juu kabla misheni haijaja. Haya, wewe?"

Akafungua mdomo. Niaminini, ulitoka ukungu mtupu.

"Huna mama, huna ukoo. Huna ukoo, si mtani. Na asiye mtani sikumpa kitu!"

Nikamtupia kiboksi chake kifuani. Kikapita, kikaanguka majanini nyuma yake. Kisha pale hapakuwa na mtu.

Nilipofika nyumbani, Velonika alikuwa anakwangua sufuria.

Leo naye ni mama, ila mkono wake wa kulia una baridi ambayo hata jua la Dumila haliiondoi. Kasmiri alininunia mno, kwa sababu gari lilirudia ulevi wake mpaka likafa. Na anune.

Ninyi mnaofungiwa vidude kwenye magari ya zamani ili yanywe kidogo, fungeni, siwakatazi. Lakini injini ikiwaka lazima ichome kitu. Mwulizeni fundi inachoma nini. Asipojibu, teremsheni watoto kwanza.