Jiwe la Jikoni Chini ya Tairi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye barabara ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mkono wangu wa kulia una vidole viwili. Sikuzaliwa hivyo.

Shule niliishia darasa la pili. Nilikuwa mkulima kama wengine, ila nilipenda magari. Jumapili wenzangu walicheza bao; mimi nilipanda baiskeli hadi Kilole, kwa fundi mmoja akiitwa Kasimu, nikajifunze. Haikuwa kazi, ilikuwa starehe yangu. Nilijua kusafisha plagi kwa msasa, kuziba pancha, kufungua kabureta na kuirudisha bila nati kubaki mkononi. Nilirudi nyumbani nanuka petroli, mke wangu kanuna, mimi roho yangu nyeupe.

Kosa langu lilikuwa kumpeleka Mhina. Jirani yangu, tumetoka jando moja. Alikuja kutazama tu. Miezi mitatu haijaisha, kanipita! Kasimu akiwasha injini, anamwita yeye: "Mhina, hebu sikiliza, inalia nini hii?" Naye anainamisha kichwa, anasema, "Valvu, fundi." Na kweli ni valvu. Mimi niliyekuwepo pale mwaka mzima naambiwa nilete matambara. Siku moja Kasimu akasema mbele ya watu, "Huyu ana akili ya injini. Wewe una nguvu ya kufungulia nati." Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda kuleta matambara.

Baadaye kijiji chetu kikapata lori kuukuu. Mwenyekiti wetu, Semdoe, akatutuma sote wawili tupeleke mahindi Korogwe. Akasema wazi kwamba atakayeonyesha ufundi njiani ndiye atakayekabidhiwa lori lile. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyolitaka lori lile. Usiku ule wa kuamkia safari sikula.

Usukani alishika Mhina. Kwenye mlima mmoja, kando ya mahame, lori likachemka. Watu wa pale walikuwa wamehamishwa, nyumba zimeezuliwa, zimebaki kuta. Mpira wa rejeta ulipasuka, maji yote yakamwagika. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Mhina alikanyaga breki ya mguu na hakuweza kushuka.

"Jiwe, wewe fundi nati! Weka jiwe nyuma ya tairi!"

Nikakimbilia mahame. Jiwe la karibu lilikuwa figa, moja la yale matatu, jeusi kwa masizi, kwenye jiko lisilo na paa. Nikalibeba, nikalikita nyuma ya tairi. Mhina akashuka, akaliona.

"Wee! Hilo la jikoni kwa watu. Lirudishe, tafuta jingine."

"Kwani mwenyewe yuko wapi? Si kahamishwa?"

"Waliozikwa hapo hawakuhamishwa. Lirudishe, ndugu yangu."

Kwetu anayehama huacha mafiga yake, na mpita njia hayagusi. Nilijua, nakuapia nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kuambiwa na Mhina. Nikamjibu, "Wewe nenda kateke maji. Ufundi niachie mimi." Akachukua debe, akashuka bondeni anatikisa kichwa.

Nikachana tyubu kuukuu, nikauzungushia mpira wa rejeta vipande vyake, nikakaza kwa meno. Kazi safi, hata Kasimu angenyamaza. Hapo nikasikia harufu ya moshi wa kuni. Nikageuka. Bibi kizee amesimama kando ya lori, kajifunga kaniki, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akasema, "Chungu changu kimelala upande, mjukuu wangu. Nipe jiwe langu."

"Subiri kidogo, bibi. Nikilitoa, gari litarudi nyuma."

"Likiwaka utanipa?"

"Nitakupa."

Akaweka kiganja juu ya injini. Niamini ninachokwambia: injini ikawaka. Hakuna mtu kwenye usukani, hakuna tone la maji kwenye rejeta, na inanguruma laini kuliko injini yoyote ya kwa Kasimu. Nikaigusa. Ilikuwa baridi kama mtungi.

Mwenye akili angekimbia, sivyo? Mimi nilitazama bondeni. Mhina alikuwa anapanda, debe kichwani. Nikawaza jambo moja tu: afike, aikute inanguruma, aulize nani kaiwasha, nimjibu ni mimi.

"Sasa nipe," bibi akasema.

"Subiri, bibi. Mwenzangu yule pale, afike kwanza."

"Afike afanye nini?"

"Aone."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea ugenini. "Nina watu wa kuwapikia," akasema, akainama. Nikamuwahi, nikalizungushia figa mkono wa kulia, nikaling'ang'ania. Akalivuta taratibu tu, kama anatoa kiazi kwenye majivu. Jiwe likatoka. Mkono ukabaki.

Lori lilipita juu ya mkono huo, likaenda kulala mtaroni na mahindi yake.

Mhina alinikuta chini nalia. "Jiwe liko wapi?" Nikamwonyesha mahame kwa mkono mzima. Alikwenda, akarudi midomo imempauka. "Lipo jikoni," akasema. "Yote matatu yapo. Moja lina alama ya tairi." Akachana shati lake akanifunga. Hilo sitamnyima.

Lakini mbele ya kamati, Semdoe alipomuuliza, unajua alisema nini? "Mwenyekiti, mimi sikuona jiwe. Nilimwambia aweke." Hakuona jiwe! Semdoe akaandika kuwa ni uzembe wangu. Nilimwendea Kasimu anitetee, akautazama mkono, akasema, "Nenda kalime, bwana." Mhina akakabidhiwa lori, na watoto wakawa wanalikimbilia wanaliita kwa jina lake. Nawataja wote watatu, na kama kuna anayebisha, aje nyumbani kwangu.

Sasa nina mvi. Nikigusa injini inayowaka, inapoa chini ya kiganja changu, inakohoa mara moja na kuzimika. Madereva wa njia hii wananijua. Wakiniona nasogelea boneti hunifukuza kama mbuzi. Mhina nikikutana naye ananisalimia vizuri, "Habari za shamba?" Namjibu nzuri. Namwonea wivu hata anavyotembea.

Wewe unayesoma, kama unashika gari, chonga gogo lako la kuzuia tairi ulibebe humo humo, usichukue kitu kwenye jiko la watu waliohama. Na mwenye chake akikuomba, mpe papo hapo, hata kama hajatokea wa kuona ulivyo fundi. Mimi nilimwomba bibi yule asubiri muda wa mtu mmoja kupanda mlima na debe la maji. Muda huo tu.