Nilivyolifungia Gari Langu Supachaja Ili Mke Wangu Asipande Kilima kwa Miguu

Sikuwa na nywele.

Sikuwa na jino moja la mbele. Sikuwa na shahada, maana elimu yangu niliichota shule ya usiku, mchana nikiwa kazini. Sikuwa na subira. Hili mke wangu atakuthibitishia kabla hujamaliza kuuliza.

Na sikuwa na gari la kupanda kilima.

Gari lenyewe nilikuwa nalo, tena si la kubeza. Gari la saluni, la kifahari, silinda sita, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kwenye dashibodi. Sasa tulieni niwaeleze ilikuwaje gari la heshima kama hilo likaanza kupiga mluzi, na mbwa wa mtaa mzima wakawa wananisindikiza kama kiongozi wa nchi.

Nyumba yetu iko juu ya kilima. Nikiwa peke yangu, gari lilipanda kwa kujivuta. Mke wangu akiwemo, likifika katikati linagoma.

Basi anashuka, anatembea, ananitangulia getini. Mimi nikifika, ananifungulia.

"Karibu, mgeni. Umesafiri salama?"

Kwa nje nacheka. Ndani naungua.

Halafu goti lake likaharibika, madaktari wakasema lipasuliwe. Siku tuliyompeleka, binti yetu mkubwa akanitolea uvivu palepale wodini.

"Baba, mama akitoka hapa hapandi kile kilima kwa miguu. Mume wangu atamrudisha. Na lile kabati lako tulitafutie mteja."

"Kabati?"

"Lina mbao, lina milango, na haliendi. Sasa hiyo ni nini?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye nyuzi tumboni, alicheka huku amejishika.

Mke wangu peke yake hakucheka. Alinitazama tu.

"Wewe ndiye uliyenileta. Utanirudisha?"

"Nitakurudisha. Mpaka mlangoni, ukiwa umekaa."

Nikaahidi mbele ya watu. Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe.

Nilikuwa nimeshabadilisha plagi. Chujio la hewa jipya. Mafuta mazuri. Kilima kikanikatalia vilevile. Nikafungua vitabu vyangu vya ufundi, kamusi pembeni, nikasoma mpaka nikapata jibu: supachaja.

Kwa wasiojua, hiyo ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inaishindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, na mafuta yakaongezwa, nguvu nayo inapanda.

Kitinda mimba wetu anafanya kazi ng'ambo, kwenye ghala la vipuri. Nilipompigia simu, alipiga kelele kwa furaha.

"Baba, wewe ni noma! Nakutumia."

Likaja sanduku kwa ndege. Nikampelekea fundi wetu, anayeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza.

"Mzee wangu, unataka kushindana na nani? Wenzako wananunua fimbo ya kutembelea, wewe unanunua mbio!"

"Funga, Kimya."

"Nafunga. Ila ukiruka mpaka mwezini, usiseme ni mimi."

Tulifunga pamoja. Yeye anashika spana, mimi nashika kitabu. Bomba la zamani la kuvutia hewa likatolewa, likatupwa kwenye buti. Jipya likaingia. Mafuta yakarekebishwa. Mkanda wa supachaja ukavutwa, ukakaza.

Nikawasha.

Mama yangu! Gari likapiga mluzi mwembamba, mrefu, kama birika kubwa lililosahaulika jikoni. Nikapakia mifuko ya mchanga yenye uzito kumzidi mke wangu (msimwambie), nikakielekea kilima. Likapanda kama halijui ni kilima.

Mbwa wakatoka kila uchochoro. Mmoja mwenye kilema cha mguu alikimbia kuliko wote.

Siku ya kumchukua mke wangu nilivaa koti. Binti yangu na mumewe wakatufuata nyuma na kigari chao, polepole, kama watu wanaosubiri msiba.

"Gari lako linalia," mke wangu aliniambia njiani.

"Linaimba."

"Basi halina sauti."

Tukafika chini ya kilima, mbwa wa mtaa wakitusindikiza. Nikakanyaga mafuta.

Pwaa!

Kitu kikapiga ndani ya boneti. Mluzi ukakatika.

"Kimekufa nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mume wangu, mbwa wamerudi nyumbani."

Kweli. Nilitazama kioo: barabara tupu, na kigari cha binti yangu kikiwa tayari kimewasha taa za tahadhari. Mke wangu akashika kitasa cha mlango, kwa mazoea, ajiandae kushuka na goti lake lenye bandeji.

"Usishuke," nikamwambia. "Nakuomba."

Nikaingiza gia ndogo, nikakanyaga tena.

Likapanda.

Likapita pale linapokohoaga. Likapita pale linapogomaga. Halikupiga mluzi wala halikulalamika, likaenda tu mpaka mlangoni. Mke wangu akaachia kile kitasa. Akanishika mkono, na pale nilijiona kijana mwenye nywele zake zote.

Sasa, mimi na sifa! Majirani wamejaa, nikafungua boneti ili waione mashine.

Binti yangu akachungulia. "Baba, hicho kidude kinazungushwa na nini?"

"Mkanda."

"Uko wapi?"

Nikatazama. Hakuna mkanda. Kulikuwa na vipande vya mpira vinaning'inia kama tambi.

Yaani supachaja ilikuwa imelala tangu chini ya kilima! Kifaa kina kijilango cha pembeni. Kifaa kikisimama, hewa inapita zake hapo. Gari lilikuwa limepanda kwa pumzi yake lenyewe.

Lakini kwa nini leo, na si zamani?

Nikaenda kwenye buti, nikalitoa lile bomba la zamani. Nikachungulia: giza. Nikaingiza fimbo, nikasukuma.

Kikaanguka kiota cha panya. Nyuzi za kufumia, makaratasi, na soksi yangu ya kijani iliyotugombanisha na mke wangu wiki nzima.

Kumbe chujio jipya nililoweka halikuwa na la kuchuja. Hewa ilikuwa inazibwa kabla ya kulifikia.

Mke wangu, akiwa bado kwenye kiti cha gari, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaomba tusimchekeshe, goti linauma.

"Mwaka mzima napanda kilima kwa sababu ya soksi!"

"Gari haliuzwi," binti yangu akasema, akijifuta machozi. "Panya tu ndiye ahame."

Nilidhani yameisha. Yakabaki ya kijana wetu kule ng'ambo, aliyewatangazia wafanyakazi wenzake kwamba supachaja yake imemrudisha mama nyumbani. Nikakaa mezani kumwandikia. Barua ya kwanza ilijaa sifa za mashine. Nikamsomea mke wangu.

"Nzuri," akasema. "Ila ni ya uongo."

Nikaichana. Ilinichoma, sitaficha, maana yule kijana ananiona mimi ndiye mtu anayejua kila kitu.

Nikaandika upya. Nikamwandikia habari za panya, za soksi, na za mkanda. Nikamwambia kwamba supachaja nimeifungia mkanda mpya, kwa sababu mbwa wamenikumbuka. Kisha nikamalizia hivi:

"Mwanangu, maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kujiongezea. Cheti, kamusi, kitabu, na sasa mashine. Sijutii hata kimoja. Lakini ukiona mtu hawezi kupanda, usikimbilie kumwongezea nguvu. Mtazame kwanza pale anapovutia pumzi. Baba yako alichelewa kutazama."

Mke wangu akaisoma yote, akaongeza salamu zake pembeni.

Nikaikunja, nikalamba gundi ya bahasha, nikaibonyeza kwa kiganja mpaka ikashika. Tukateremka wote wawili hadi posta, mluzi ukilia, nikaitumbukiza kwenye sanduku.