Tanga Lililochanwa Mbaha

Kunigunda alikuwa mjane wa kijiji cha Mbaha, mwanikaji wa usipa, dagaa wa ziwani, mwenye ulimi mkali. Kila wavu wa kokoro ulipovutwa ufukweni, yeye ndiye aliyechambua mifuko ya rambo kutoka kwenye samaki huku akilaani. Biashara huria ilikuwa imeshafika vijijini, na rambo zilizagaa kuliko majani.

Mwaka mmoja mashua ya matanga ilitoka Kyela kushuka kusini hadi Mbamba Bay, ikitia nanga kila kijiji ili watu waone taka za plastiki zilizookotwa ziwani na waache kutumia rambo. Ilipofika Lituhi, Kunigunda alikuwa huko akiuza usipa. Kiongozi wa safari, dada wa Dar es Salaam aitwaye Hilda, alimwomba awe mkalimani wake wa Kimpoto, lugha ya huko. Akapanda.

Lituhi walisikilizwa. Mbaha, nyumbani kwao Kunigunda, ndiko walikochukiwa.

Shemeji yake Cletus, mwenye duka la jumla la rambo, alisimama kabla Hilda hajamaliza salamu.

"Shemeji, wamekupa nini uje kutufungia maduka?"

"Wewe umetuzibia ziwa."

"Ziwa la baba yako?"

"La watoto wa kaka yako, wanaotafuna nailoni kwenye usipa!"

Watu wakazomea. Taka zilizopangwa mchangani zikapigwa mateke, mama mmoja akamtemea Kunigunda mate miguuni. Katika vurugu hiyo mtu akarukia mashua na kuchana tanga kwa panga.

"Tuite polisi," Hilda alisema.

"Polisi hawashoni. Nipe sindano."

Kunigunda akaketi mchangani, akalishona tanga kwa uzi wa nyavu mbele ya macho yao, akirudisha kila tusi alilotupiwa. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyethubutu kuligusa tena. Upepo ulipokaa sawa, Hilda akamsihi apande.

"Nikipanda watasema nimekimbia."

Mashua ikaondoka bila yeye.

Tangu siku hiyo aliuza usipa kwenye vikapu tu. Wateja wengi walimhama, waliobaki walinung'unika. Cletus hakuacha rambo zake.

Jumapili moja, padri aliposema watu watakiane amani, Cletus alimnyooshea mkono mbele ya kanisa zima. Kunigunda aliutazama, akageuka, akampa mkono mtu wa nyuma yake.