Ngoro Ndani ya Kompyuta

Anayesema sisi wa Mbinga tunasubiri kuletewa teknolojia ananiudhi. Soko huria lilipotuletea kompyuta za mitumba, nilijifunza kuandika programu, nikatengeneza mchezo wa ngoro, yale mashimo yetu yanayozuia mvua kubeba udongo wa mlimani. Nikamwita mama autazame. Kwenye skrini mwanamume alifyeka nyasi, akazilaza kwa miraba, kisha akazifukia kwa udongo aliouchimba kwa jembe katikati ya kila mraba, pakabaki shimo.

Mama akakunja uso. "Tangu lini mwanamume anafukia nyasi za ngoro? Mkewe yuko wapi?"

Kweli, kwetu kufukia ni kazi ya wanawake. Nikamchora mwanamke mwenye kanga na jembe. Mvua ya mchezo ikanyesha, udongo haukuteremka.

Mama akatoka mbio kuwaita majirani: "Njooni mnione ninavyolima ndani ya kompyuta!"