Barua Zilizokuwa Zikitungoja Dar es Salaam

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Ramadhani, hapo Njombe mjini, chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga vizuri, na mimi nilikuwa karani wake. Tulikuwa chama kidogo cha wakulima wa pareto. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanaingia kila msimu, na kila mmoja alituuliza kama tuna barua pepe. Kiongozi wetu, mama mmoja mjane kutoka Ludewa, akatuombea anwani kwa kampuni moja ya intaneti ya Dar es Salaam. Aliichapisha kwenye karatasi zetu zote za ofisi kabla hatujawa na namna yoyote ya kuifungua. Mimi niliiona kama anwani ya nyumba ambayo haijajengwa.

Kompyuta ilipofika, simu ndiyo ikawa tatizo. Laini yetu ilikwaruza mno. Modemu ilipiga mluzi, ikahangaika, ikakata. Tulijaribu hadi tukachoka. Ndipo msafirishaji mmoja wa Makambako, mzee wa Kiislamu aliyehamia huko kutoka Tanga na ambaye malori yake yalibeba pareto yetu, akamwambia mama kwamba simu ya ofisini kwake haina makelele. Tukaifunga kompyuta kwa blanketi, tukaipakata ndani ya lori lake, tukateremka Makambako.

Nilimpigia simu fundi wa ile kampuni ya Dar. Alinitajia vitu kimoja kimoja nami nikavijaza kwenye programu: jina letu, neno la siri, jina la seva ya kupokea barua, jina la seva ya kutuma. Herufi zote ziwe ndogo, alisema, na pasiwe na nafasi popote. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Laini ni moja, kwa hiyo ili kompyuta iongee na Dar, sisi wawili lazima tunyamaze.

Nikaagana naye, nikachomeka waya wa simu kwenye modemu. Mluzi ukaanza, ukafuatiwa na mkwaruzo mrefu, halafu kimya. Neno la siri likakataliwa. Nilikuwa nimeanza na herufi kubwa, kama nilivyofundishwa shuleni kuanza kila kitu. Nikalirudia kwa herufi ndogo.

Nilitegemea sanduku tupu. Badala yake barua zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, na nyingine zilikuwa na tarehe za miezi mingi nyuma, wakati kompyuta yenyewe hatujaiona kwa macho.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Binti," aliniuliza, "hizi zilikuwa wapi?"

Nikamwambia zilikuwa Dar es Salaam, kwenye mashine ya ile kampuni.

"Na nani alikuwa akizitunza?"

Nikasema hakuna mtu, zilikuwa zinatungoja tu. Akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, akavuta kiti.

Nyingi zilikuwa za wanunuzi. Katikati yake nikaona jina la binti wa mama, aliyekuwa India akisomea uuguzi, na ambaye mama alikuwa akimwandikia kwa karatasi zetu za ofisi. Barua zake za posta zilikuwa zimekatika muda mrefu, na mama hakupenda kulizungumzia hilo. Nikaifungua barua yake ya kwanza, nikaisoma kwa sauti kama mama alivyoniomba. Binti alikuwa amelazwa. Tumbo. Angepasuliwa kesho yake.

Mama alishika mgongo wa kiti changu. Barua nyingine kutoka kwa binti huyo huyo ilikuwa bado inashuka. Ule mstari wa buluu unaoonyesha mwendo ulisogea kidogo, ukasimama. Tuliutazama wote watatu. Nilikuwa naogopa hata kugusa meza. Ukasogea tena, ukajaa.

"Mama, nimetoka hospitali," nikasoma. "Natembea. Nakula."

Alikaa kwenye benchi la madereva, akajifuta macho kwa kitenge. "Ameumwa, amepona," alisema, "na yote hayo mimi niko Njombe napanga magunia."

Nilimwambia tunaweza kumjibu sasa hivi. Jibu la kwanza, mistari miwili niliyoiandika mimi, liligoma kutoka. Nikampigia fundi tena, akagundua kwamba jina la seva ya kupokea nimeliweka sehemu zote mbili. Nikarekebisha. Lakini kabla sijabonyeza kutuma, mama akanizuia, akauliza kama Kipangwa, lugha yao ya Ludewa, kinapita.

Swali hilo lilinishtua. Kila kitu kwenye kompyuta ile kilikuwa Kiingereza. Nikafikiri, nikamjibu, "Kinapita, mama. Yenyewe inabeba herufi tu."

Akafuta nilichoandika, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Tulimwachia nafasi. Alipobonyeza, barua ikaondoka, na mzee akauliza kama imeshafika. Nikasema nadhani imeshafika. Hata mimi maneno hayo yalinisisimua.

Tulilala kwa mzee. Asubuhi nikaunganisha tena, jibu lilikuwepo, refu, la Kipangwa mwanzo hadi mwisho. Mama alilisoma kwa sauti polepole, mbele ya mzee wa Tanga na mimi Mbena wa kijiji cha Kichiwa, na sisi tuliambulia maneno mawili matatu tu. Tulikaa tukamsikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyeomba tafsiri.