Petroli ya Bi Mwanahija

Mwaka wa sabini na nne, petroli ilipoanza kuwa adimu, Bi Mwanahija alichonga ufito akawa anapima nao tangi la pikapu yake, asubuhi gari linapoondoka na jioni linaporudi. Alikuwa mjane wa Bagamoyo mjini, mtu wa kufunga hata kabati la vikombe. Pikapu hiyo kuukuu ya Kiingereza aliachiwa na marehemu mumewe. Ilipeleka nazi Lugoba na Miono, ikarudi na machungwa na kuku. Aliyeiendesha ni Kitwana, mtu mzima, dereva tangu enzi za marehemu.

Ufito ulimkosesha usingizi. Safari ya Miono iliyokuwa ikitumia debe mbili sasa ilimaliza tatu.

"Kitwana, petroli yangu inakwenda wapi?"

"Gari linakunywa, mama. Injini inatetemeka, nikiondoa mguu tu inazimika. Tulipeleke kwa fundi Mikidadi."

Bi Mwanahija akamtazama. Fundi na dereva! Aliona wazi kwamba hao wawili wameshapanga jambo lao. Gari hakulipeleka.

Jirani yake, Mwanvita, ndiye aliyechochea zaidi. Alimwambia amesikia kuna watu Lugoba wanauza petroli kwa chupa, na kwamba petroli hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Kesho yake Bi Mwanahija alimkuta Kitwana sokoni, akamshika ukosi wa shati mbele ya wauza samaki, akanusa.

"Mbona unanuka petroli?"

"Mimi ni dereva, mama."

"Nipe funguo."

Kitwana alizitoa akampa. Watu wakageuka kutazama samaki.

Bi Mwanahija akamchukua Husseni, mtoto wa dada yake, awe dereva. Ufito ukasema yale yale. Bi Mwanahija akamshuku na Husseni, akaamua kusafiri naye mwenyewe hadi Miono, amekaa pembeni yake na begi mapajani, hashuki isipokuwa kwa sala, na hata akisali sikio liko kwenye gari. Hakuna aliyegusa tangi. Waliporudi akapima: debe tatu.

Hapo ndipo alipokubali fundi, ingawa kwa shingo upande.

Fundi Mikidadi alisikiliza injini ikinguruma, akaingiza kichwa ndani ya gari. "Nani amebana choki kwa kibanio cha nguo?"

"Mimi nimekikuta hivyo hivyo," Husseni akasema. "Ukikitoa, gari linazimika."

Bi Mwanahija alikifahamu kibanio kile. Kilikuwa cha kamba yake ya kuanikia, na siku kilipopotea alimshuku Kitwana kwa hicho pia.

"Choki ni ya kuvuta asubuhi, injini ikiwa baridi, ili ipate petroli nyingi," fundi akamweleza. "Ikibaki imevutwa njia nzima, gari litakunywa mpaka likufilisi. Aliyeibana hakuwa na hila. Bila hivyo asingefika Miono. Sasa njoo usikie kwa nini."

Alimwonyesha bomba nene linalotoa petroli na hewa kwenye kabureta na kuziingiza kwenye injini. Kwenye maungio palikuwa na mlio mwembamba, kama wa mtu anayevuta hewa kati ya meno. Fundi akampa kijiko na kikombe cha maji. "Mwagia mwenyewe, usije ukasema nimekuchezea."

Alimwagia tone tone. Mlio ukakatika na injini ikatulia. Maji yalipokwisha kunyonywa, ikaanza tena kutetemeka. Akamwagia mara ya pili, kisha ya tatu, akitafuta ujanja uko wapi.

"Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, imekatika," fundi akasema. "Inavuta hewa isiyotakiwa, ndiyo maana injini inazimika isipoongezewa petroli."

Injini iliachwa ipoe. Kabureta ilipofunguliwa, Bi Mwanahija aliifunga kwenye kanga yake akaipakata, isije ikabadilishwa. Fundi alicheka, akaendelea na nati. Bomba lilipotoka, gasketi ya zamani ilibanduka vipande vipande, na pembeni mwa tundu moja ilikuwa imeliwa kabisa. Mpya siku hizo haikupatikana hata Dar es Salaam. Fundi akakwangua nyuso zote mbili za maungio mpaka zikang'aa, akalaza karatasi ya gasketi juu ya chuma, akaigongagonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka matundu yakajichora, akakata. Nati alizikaza kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Alipodai kabureta, Bi Mwanahija aliifungua kanga akaikagua kwanza.

Injini iliwaka na kutulia, choki ikiwa imerudishwa ndani. Wiki ile Husseni alikwenda Miono na kurudi kwa debe mbili.

Bi Mwanahija alikaa siku nne kabla ya kwenda nyumbani kwa Kitwana. Mke wake, Ashatu, alimkaribisha mkekani, asimwangalie usoni.

"Nimekuja kukutaka radhi," Bi Mwanahija akasema. "Ilikuwa gasketi. Rudi kazini, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama," Kitwana akajibu. "Kazini sirudi. Ungeninyang'anya funguo nyumbani ningerudi. Ulininusa sokoni."

Bi Mwanahija hakubembeleza. Alikunywa kahawa aliyopewa, akaaga.

Baadaye Kitwana alipata kazi ya kuendesha lori la kijiji huko Saadani. Kila akija mjini hupunguza mwendo mbele ya nyumba ya Bi Mwanahija na kutoa kichwa dirishani: "Shikamoo, mama!" Naye hujibu "Marahaba," kisha hubaki mlangoni akijiuliza kama mtu yule amemsamehe kweli, au anataka tu mtaa mzima usikie nani mwenye adabu.